Maneno yasiyo na mwenzake: shajara ya mradi wa vina

9 Januari

Mradi umeanza. Ninachotaka ni programu ndogo: uiandikie neno la Kiingereza, ikupe maneno yanayokubaliana nalo kwa kina, na isikujibu "hakuna" mpaka iwe imehangaika kweli. Mteja wa kwanza ni mdogo wangu. Anachana, na mistari yake ni Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza, kama wanavyoongea vijana wenzake wa Sinza, Dar es Salaam. Alikuwa na ubeti unaoishia na "orange". Akazunguka mitandaoni kutafuta kina, na kila alikobisha hodi akaambiwa neno hilo halina mwenzake duniani. "Kaka, wenye lugha yao wameshindwa, mimi ni nani?" Akalifuta, akaweka "yellow", na ubeti ukachacha.

Orodha ya maneno yanayosifika kwa ugumu ninayo: orange, purple, silver, month, wolf, bulb, film, depth, ninth, twelfth. Matatu ya kwanza ni rangi, na ndiyo maana yamepata umaarufu. Hakuna anayekesha akitafuta kina cha "twelfth", lakini rangi ya machweo kila mtunzi anaitaka.

12 Januari

Data nimepata: kamusi ya matamshi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh. Ni faili la maandishi matupu lenye maneno zaidi ya 130,000, na ni bure kwa yeyote. Maana za maneno hazimo. Zimo sauti tu, jinsi Wamarekani wanavyotamka. Mstari wa "orange" umekaa hivi:

ORANGE  AO1 R AH0 N JH

Tarakimu iliyoganda kwenye irabu ndiyo mkazo: 1 ni mkazo mkuu, 0 ni irabu isiyokazwa. Kazi ya programu ni kutafuta irabu ya mwisho yenye mkazo, kukata hapo, na kubaki na mkia. Mkia ndio kina. Maneno mawili yenye mkia mmoja yanatiana kina, mradi konsonanti iliyotangulia mkia isiwe ileile. "Quicksilver" basi haihesabiki kuwa kina cha "silver", kwa sababu ni "silver" yenyewe imeongezewa kichwa.

Aliyekulia kwenye mashairi yetu inabidi asimame kidogo hapa. Kwetu kina ni silabi ya mwisho. Ukiwa na mshororo wa mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao, unaangalia silabi ya nane na ya kumi na sita, basi. Mkazo wa Kiswahili unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na kina hakiuulizi. "Sana" na "kupona" vinakaa pamoja bila ugomvi. Kiingereza kinataka kuanzia penye mkazo hadi mwisho, chote. "Orange" inakazwa mwanzoni, kwa hiyo inadai neno zima lifanane isipokuwa konsonanti ya mbele, na "orange" haina hata konsonanti ya mbele.

Kwetu vina ni vyepesi, ndiyo maana watunzi wetu walijiongezea mzigo wenyewe. Mwana Kupona, kwenye utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858, anabadilisha kina cha mishororo mitatu ya kila ubeti lakini kile cha mshororo wa nne anakibeba tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mwambie mtunzi wa Kiingereza afanye hivyo kwa beti mia moja uone atakavyokutazama.

14 Januari

Programu inafanya kazi. Nimeijaribu kwa maneno rahisi: "light" inaleta orodha ndefu hadi inachosha, "love" inaleta vilevile vichache ambavyo nyimbo za mapenzi zimevitumia mpaka vimechakaa: dove, above, glove, shove.

Kamusi za vina za Kiingereza si jambo la juzi. Peter Levens alichapisha yake mwaka 1570, na ile ya John Walker ya 1775 iliendelea kuchapwa vizazi kwa vizazi. Walker aliyapanga maneno kwa herufi kuanzia nyuma. Kwa lugha inayoandika "cough", "bough" na "though" kwa mkia mmoja ilhali kila moja lina sauti yake, ukiyafuata macho unapotea. Bora sauti.

17 Januari

Leo niliiacha programu ipitie kamusi nzima na kuniletea kila neno lililobaki bila mwenzake. Nilitegemea orodha fupi ya maajabu. Ilikuja lundo.

Breakfast. Husband. Chimney. Engine. Penguin. Ukienda kwenye maneno marefu yanayokazwa mbele, hali ni hiyohiyo, mkia unakuwa mrefu mno kupata pacha. Kwa hiyo ule umaarufu wa "orange" na wenzake ni wa kupewa. Maneno yatima ni umati, ila "orange" lipo midomoni kila siku na linapenda kukaa mwisho wa mstari. Sijawahi kusikia mtu akijisifu kwamba amepata kina cha "chimney".

Namba za mpangilio ni kundi la peke yake. "First", "second", "third" na "fourth" zina vina vya kutosha (burst, reckoned, bird, north). Kuanzia "fifth" mambo yanaharibika: fifth, sixth, eighth, ninth, twelfth, zote zimeishia na konsonanti zilizosongamana ambazo ulimi wetu unaziona kama adhabu. "Tenth" iliokolewa na wanahisabati, maana ile "nth" yao inatamkwa "enth".

21 Januari

Siku ya kuchimba kamusi. Nimetaka kujua wenyewe wamefika wapi, na wamefika mbali.

"Purple" ina "hirple", yaani kuchechemea, na "curple", makalio ya farasi. Yote mawili ni ya Uskoti. Hili la pili alilitumia Robert Burns mwaka 1787 kwenye shairi la kumshukuru mama mmoja aliyetaka kumpelekea nguo, akaliweka kiunoni mwake mwenyewe na kulitia kina na zambarau ya wafalme. "Silver" ina "chilver", mwanakondoo jike. "Month" ilipatiwa dawa na Christina Rossetti mwaka 1872 kwenye vishairi vyake vya watoto. Anauliza mwezi una wiki ngapi, anajibu nne, kwa jinsi mbalamwezi inavyokimbia, na hilo "kukimbia" kalikata kizamani likawa "runn'th". Ni werevu wa fundi. Hakuunda neno, alilibana tu lililokuwepo.

"Orange" ina matatu. "Sporange" ni kifuko cha vijimbegu vya kuvu na kangaga, wanabotania wanalijua. Blorenge ni kilima cha Wales karibu na mji wa Abergavenny, mita 561. La tatu ndilo lililonifurahisha: Gorringe.

Henry Honychurch Gorringe alizaliwa Barbados mwaka 1841 akawa ofisa wa jeshi la majini la Marekani. Yeye ndiye aliyeusafirisha ule mnara wa jiwe wa Misri uitwao Sindano ya Cleopatra kutoka Alexandria hadi New York. Ni jiwe moja la urefu wa mita 21 hivi, uzito karibu tani mia mbili. Ilibidi meli itobolewe ubavuni ili liingizwe, na kutoka mtoni Hudson hadi Central Park lilikokotwa kwa miezi, likasimamishwa Januari 1881. Gorringe alikufa 1885 akazikwa Sparkill, jimbo la New York, na juu ya kaburi lake wakasimamisha mnara kama ule alioubeba. Baadaye mshairi Arthur Guiterman akamwandikia ubeti wa mishororo minne unaomsifu kwa mambo mawili: kuleta mnara, na kuwa na jina la ukoo linalotia kina na "orange". Nahofia la pili ndilo litakalodumu.

Kwa "silver" nimepata mwingine wa namna hiyo. Willie Stargell, mchezaji wa besiboli aliyechezea Pittsburgh Pirates tangu 1962 hadi 1982 bila kuhama, jina lake la kuzaliwa ni Wilver. Kamusi ninayotumia imetoka mji huohuo.

Haya yote nimeyaingiza kwenye hifadhidata, lakini nimeyawekea alama ya kuyatenga. Ni vina vya kamusi. Ukimwimbia mtu "curple" itabidi usimamishe biti umweleze kuna farasi, kuna Uskoti, kuna mkanda unaopita chini ya mkia. Msikilizaji akishahitaji maelezo, kina kimeshakufa. Programu itayaonyesha chini kabisa, kwa anayetaka kuwashangaza marafiki.

25 Januari

Njia ya pili: usitafute neno moja, unga mawili au matatu. Nimeviita vina vya kuunga.

Mshairi Byron alikuwa bingwa wake. Mwaka 1819, kwenye shairi lake refu la masihara, aliwageukia waume wa wanawake wasomi, akatia "intellectual" kina na "hen-peck'd you all", yaani akawauliza kama wake zao hawajawatawala wote. W. S. Gilbert, mwaka 1879, aliyewatungia Waingereza michezo ya kuimba, alimpa meja jenerali wake "hypotenuse" na "lot o' news". Kwa kanuni ya mkia hivi ni vina halali. Sikio halijui nafasi kati ya maneno, ni jicho ndilo linaloiona.

Eminem naye alilisema mwaka 2010 kwenye mahojiano ya runinga na kipindi cha 60 Minutes: linamkera watu wanaposema "orange" haina kina. Akaanza kumwaga papo hapo: four-inch, door hinge, storage, porridge, George. Si vyote vina vya kamusi, baadhi vinagongana irabu tu. Lakini kwa jinsi anavyotamka, "door hinge" na "orange" zinakaribiana sana, maana "r" ya Kimarekani inasikika na "h" inamezwa.

Nimeandika sehemu ya programu inayochukua mkia, inaukata kila panapowezekana, na kutafuta maneno mafupi ya kuziba kila kipande. Ilikuja na takataka nyingi. Ili kuzipunguza nimeilazimisha itumie maneno ya kawaida peke yake, na kipande cha mwisho kiwe neno dogo lisilokazwa: it, you, he, of. "Empty" ikapata "exempt he". Inakubalika, kwa shida.

Neno la tahadhari nimeliandika juu ya ukurasa kwa herufi kubwa: vina vya kuunga vinachekesha. Byron alitaka kicheko, Gilbert alitaka kicheko. Ukiviweka kwenye wimbo wa maombolezo waombolezaji watakuona mpuuzi.

26 Januari

Nilimpelekea dogo ile orodha ya Eminem. Akaisoma kwa sauti mara kadhaa, akatikisa kichwa.

"Foo inchi. Doo hinji. Orenji. Kaka, hapa pana kina gani?"

Nikamwambia asome tena. Akasoma. Na kweli, kwa mdomo wake hapakuwa na kina. "R" haipo, "h" ipo na imekaa wima. Kina kilichompa mwenzake sifa kule Detroit kimekufa kabla hakijafika Sinza.

Basi kama kina kinaweza kufa kwa kubadilisha mdomo, kinaweza pia kuzaliwa. Kuanzia leo mradi unageuka njia.

30 Januari

Nimejenga tabaka la pili juu ya kamusi: lafudhi ya Afrika Mashariki. Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote mpaka sasa, nitaieleza kwa urefu.

Kamusi ya Carnegie Mellon ina alama 39 za sauti, na 15 kati yake ni irabu. Sisi tuna tano. Mtu aliyekulia Kiswahili anapozungumza Kiingereza huzikunja zile 15 ziingie kwenye tano zake, na hazikunji ovyo, ana utaratibu ambao wanaisimu wameshauandika. Irabu ya "cat", ya "cut", ya "heart" na ya "hurt" zote zinaangukia "a". Ya "ship" na ya "sheep", "i". Ya "pull" na ya "pool", "u". Ile ya "change", ambayo Mwingereza anaiviringisha, kwetu inakuwa "e" iliyonyooka. Zile zinazoteleza, kama ya "time", tunazivunja tu: a, i.

Kwa hiyo nimeandika jedwali la kubadilisha. AE, AH1 na ER1 zote A. IY na IH, I. UW na UH, U. EY na EH, E. OW na AO, O. Ngumu ilikuwa AA, kwa sababu Wamarekani wanaitumia kwa "father" na kwa "hot" pia, na sisi tunazitenganisha. Hapo programu inaangalia tahajia: kama neno limeandikwa kwa "o", inabaki O. Irabu zisizokazwa nazo zinafuata tahajia, maana sisi hatuna ile irabu ya kunong'ona ya Waingereza. "R" inayofuata irabu inaondoka.

Halafu nikabadilisha na kanuni yenyewe ya kina. Sikio la Kiswahili halisubiri mkazo. Programu sasa inatoa madaraja mawili: la kwanza silabi ya mwisho tu, kama tulivyozoea, la pili silabi mbili za mwisho, kwa anayetaka kina kizito.

Matokeo ya kwanza: purple. Kwa lafudhi hii mkia wake ni sawasawa na wa "couple", "supple" na "apple". Nimekaa nikaitazama skrini. Neno ambalo Burns alilazimika kwenda kuliazimia makalio ya farasi, mtoto wa darasa la nne Mwanza analitia kina na tofaa. Na midomo mingi haiifikii hata ile "l" ya mwisho, inaishia "papo", kwa hiyo unaweza kuvuka mpaka wa lugha ukaichukua "hapo", "kiapo", "malipo".

31 Januari

Orange.

Tahajia ingeitaka "oranji", lakini hakuna anayesema hivyo. Ni "orenji" kuanzia Dar hadi Kisumu. Wakenya wamelisema hadharani kuliko sisi, tangu chungwa lilipokuwa alama ya "hapana" kwenye kura ya maoni ya katiba ya 2005 na ndizi kuwa alama ya "ndiyo". Neno hili nimelirekebisha kwa mkono.

Baada ya hapo mlango ulifunguka wote: change, range, strange, arrange, exchange. Na kwa kuwa tunachanganya lugha, kuna "chenji" yenyewe, ambayo ni Kiswahili cha kila siku cha kituo cha daladala.

Nilimtumia dogo neno moja tu kwa simu: chenji. Jioni akarudisha sauti:

*Jua linazama Kimara, anga lote orenji,*
*nimempa konda msimbazi, ananambia hana chenji.*

Silabi mbili, kina kizito, na habari ni ya kweli. Nimpe konda elfu kumi asubuhi nione kama hatanambia vivyo hivyo.

4 Februari

Rafiki yangu anayefundisha fasihi ya Kiingereza amepita nyumbani, nikamwonyesha. Hakufurahi.

"Ndugu yangu, hicho si kina. Hayo ni matamshi mabaya umeyapa cheo."

Tulibishana hadi chai ya pili. Nilimuuliza kuhusu Alexander Pope. Kwenye utenzi wake wa kuchekesha kuhusu kishungi cha nywele kilichoibwa, mwaka 1714, Pope anamtaja Malkia Anne anayetiiwa na falme tatu, halafu anatia "obey" kina na "tea". Leo ukisoma darasani unashangaa. Wakati wa Pope "tea" ilitamkwa "tei", na kina kilikuwa kamili. Je, Pope alikosea? Akasema hapana, zama zake ndizo zilizotamka hivyo. Nikamwambia basi hata mitaa inatamka kivyake, si zama peke yake. Mshairi Keats, mtoto wa London, alitia kina "fawns" na "thorns" kwa sababu mdomoni mwake "r" ile haikuwepo, sawa na isivyokuwepo mdomoni mwangu. Wakosoaji wa wakati ule walimkebehi wakimwita Cockney, yaani mtu wa mitaa ya watu wa chini London. Leo anafundishwa na huyuhuyu rafiki yangu.

Alikubali nusu. Alichokataa ni daraja la silabi moja: anasema Kiingereza bila mkazo si Kiingereza. Pengine. Lakini mstari wenyewe hauko kwa Kiingereza, uko kwenye wimbo wa Kiswahili ambao neno la Kiingereza limekuja kutembea, na mgeni anakula kinachopikwa. Nimeacha madaraja yote mawili, mtumiaji achague. Ubishi wake umenisaidia hata hivyo: sasa kila kina kina lebo ya lafudhi yake, Marekani, Uingereza, Uskoti au Afrika Mashariki, ili mtu asiende nacho mahali ambako hakitambuliki.

7 Februari

Nimeongeza majina ya mimea, wanyama na mavazi kwenye faili, kwa kuwa kamusi ya asili haikunitosha. Jioni nikairudisha "month" jikoni.

Kwetu "month" ni "manth". Irabu ya "cut" na ya "cat" ni moja, kwa hiyo programu ikaenda kutafuta chochote kinachoishia na "-anth". Ikarudi na "amaranth", ambayo ni mchicha. Ikarudi na "coelacanth".

Huyu wa pili ni samaki wetu. Wataalamu walimjua kwa mabaki ya mawe tu na kuamini alitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita, mpaka Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer alipomwona kwenye samaki waliovuliwa na meli pwani ya Afrika Kusini. Huku kwetu wavuvi walianza kumnasa kwenye jarife mwaka 2003, na Tanga wakapatikana wengi kiasi kwamba mwaka 2009 ilianzishwa hifadhi ya bahari yenye jina lake, Hifadhi ya Silikanti. Neno lililowatoa jasho washairi wa Malkia Victoria lina mwenzake, na mwenzake anaogelea nje ya Kigombe.

Nilimpigia dogo. Akauliza wimbo gani utahitaji mwezi na silikanti kwa pamoja. Swali la haki. Nikamwambia aandike kuhusu mshahara: unaonekana mara moja kwa month, na kila ukionekana watu wanashangaa kumbe bado upo. Amekataa kunijibu, lakini najua ameliandika mahali.

"Bulb" nayo imepatikana kwa njia hiyohiyo. Kwetu "balb", na joho jeupe la padri anapoendesha misa ni "alb". Taa na padri, hicho kina kinatumika hata kwa wimbo wa kwaya. "Film" ilikuwa rahisi: tunaiongezea irabu katikati ikawa "filim", tena Waireland wanafanya hivyohivyo, na silabi ya mwisho inatosha kwa "him", "slim" na "Muslim".

10 Februari

"Silver" haitaki. Kwa silabi moja ninazo nyingi, "river", "over", "never", na upande wetu "imeiva". Kwa silabi mbili hakuna kitu, sababu "l" na "v" zikigusana hakuna neno la Kiswahili linaloweza kuzibeba. Kuna Silva, jina la Kireno lililojaa viwanja vya mpira, lakini hilo ni neno lilelile kwa sauti. Chaucer angelikubali. Yeye alitia kina "seke" ya kutafuta na "seeke" ya ugonjwa mwanzoni mwa hadithi zake za Canterbury, na Wafaransa nao wanauona ufanano wa namna hiyo kuwa utajiri. Mimi nimeliwekea lebo "hiari". Zaidi ya hapo ni Wilver wa Pittsburgh.

13 Februari

Hali ya mradi ilivyo leo. Programu inatoa majibu kwa makundi: kina kamili cha Kimarekani, kina cha lafudhi yetu kwa silabi mbili, kwa silabi moja, vina vya kuunga, na chini kabisa ile makumbusho ya akina Gorringe. Dogo anaitumia kwenye simu, na prodyuza wake ameomba naye apewe.

Yanayoendelea kujibiwa "hakuna" ni "twelfth" na "sixth". Nimeyajaribu kwa kila mdomo ninaoujua. "Depth" nayo imekaa hapohapo.

"Wolf" ina kesi. Wanaolitamka kama kamusi inavyotaka, "wulf", hawana mwenzake. Wanaolisoma lilivyoandikwa wanasema "wolf" kwa "o" iliyo wazi, na mara moja wana "golf". Walimu wawili niliowauliza wamegawanyika, vijana studio wote wako upande wa "golf". Nimeliingiza na lebo ya kwao.

Kinachofuata ni Nairobi. Jedwali langu limejengwa kwa mdomo wa Dar, na nikisikiliza redio za kule naona irabu kadhaa zinakwenda kwingine, hasa kwenye maneno kama "work" na "girl". Natafuta mtu wa Eastlands mwenye subira ya kusoma orodha kwa sauti. Dogo kwa upande wake ameleta neno jipya la kujaribu, "breakfast". Kwa kanuni ya wenyewe ni yatima. Kwa yetu inaishia "fast", na "last", "past" na "cast" zilitoka kabla sijatoa kidole kwenye kibonyezo.